Miti ya Mpaka Ndani ya Maji

Ukitaka kujua hali ya bonde, usianze na picha za watoto. Anza na boksi la kalamu za rangi mwisho wa muhula. Limwage mezani, upange kalamu kwa urefu. Katika shule yetu ya Bwera, isiyo mbali na mto Lhubiriha, rangi ya kahawia ilikwisha kabla ya nyingine zote. Nyeusi ilifuata, kisha nyekundu. Kijani ilibaki nusu. Buluu ilirudi kabatini karibu nzima, ncha yake bado imechongoka kama siku tuliyoifungua.

Niliona jambo hilo muhula baada ya muhula, nikaliandika katika daftari langu, maana tangu usichana mimi ni mtu wa kuandika ninachokiona: siku, mtoto, alichochora, alichosema. Halafu nikafanya nini nalo? Niliwaambia watoto waache kupoteza kahawia.

Nawaandikia ninyi walimu vijana mliochukua madarasa tuliyoyaacha, Bwera, Kasese mjini na huko juu milimani. Mmoja wenu alinijia nyumbani juzi akiwa na bahasha ya mashindano ya uchoraji kuhusu mazingira. Alikaa, akanywa chai, kisha akaniuliza, "Madamu, mtoto achore nini ili ashinde? Wanasema wewe hukuwahi kushindwa."

Jibu ninalo. Weka jua kwenye kona ya juu, lenye miali mirefu. Weka milima mitatu, wa katikati uwe na theluji. Mto uwe wa buluu na upite katikati ya karatasi. Weka korongo mmoja mwenye taji kichwani, na mtoto aliyevaa sare akimwagilia mche kwa kopo lenye mdomo mrefu. Katika miaka yangu yote Bwera sikuwahi kumwona mtoto akimwagilia mche kwa kopo la namna hiyo. Kopo lenyewe tulilijua kwa picha tu. Lakini waamuzi walilipenda, nami nilijua wanalipenda, na wapo watoto waliojua kulichora kabla hawajajua kuchora mbuzi.

Nilimwambia yule mwalimu kwamba nitamjibu kwa maandishi. Alidhani natania.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mzee Masereka, aliyekuwa ameshazeeka ubaoni nilipohamishiwa Bwera. Masereka hakuwa na boksi la rangi. Rangi aliipika. Udongo mwekundu aliuchota kwenye barabara ya Kyarumba, mweupe aliutoa ukingoni mwa mto, nyeusi ilikuwa mkaa uliosagwa, kijani ilitokana na majani ya maboga yaliyofikichwa. Vyote alivikoroga kwa uji mwepesi wa muhogo ili vishike karatasi. Hilo liandikeni, kwa sababu siku moja kalamu za msaada zitakwisha: uji ukiwa mzito, rangi hupasuka ikikauka, ukiwa mwepesi mno, hudondoka. Chovya kidole. Ukiona mistari ya kidole kupitia uji, umefika.

Masereka alitembea kati ya madawati mikono ikiwa nyuma, kidole kimekamata kidole, kama mfungwa anayepelekwa mahakamani. Mara ya kwanza kuniona nikimrekebishia mtoto paa la nyumba, alinisubiri nje.

"Madamu, mkono wako una haraka kuliko macho yako."

"Paa lilikuwa limepinda, Mzee."

"Umekwenda kuiona nyumba yao?"

Sikuwa nimekwenda. Nilipokwenda, paa lilikuwa limepinda.

Jingine alilonipa ni la maneno. Usimwulize mtoto, "Hii ni nini?" Ukimwuliza hivyo anajua amekosea, na atakupa jibu la kukuridhisha. Mwambie, "Nisimulie." Kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha. Nyamaza mpaka aseme jambo la pili, maana la kwanza mara nyingi ni la kukupima.

Kabla ya Bwera nilikuwa nimefundisha Kasese mjini, katika shule iliyopokea watoto wengi wa kambi ya jeshi. Watoto wale walitoka kila pembe ya Uganda, na lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja wao, mtoto wa sajini, alichora miti iliyopangwa mstari mmoja, na kila shina lilikuwa jeupe kutoka chini hadi nusu. Nilimwambia miti haivai soksi. Kesho yake baba alikuja akiwa na sare na buti zake, akasimama mlangoni.

"Mwalimu. Mtoto anasema umekataa miti yake."

"Afande, amechora miti yenye soksi."

"Hiyo ni chokaa. Kambini kwetu mti bila chokaa ni mtoro." Alitazama uani kwetu, ambako kulikuwa na visiki vitatu na kivuli cha bendera. "Lakini naona hapa wote walishatoroka."

Darasa lilicheka, nami nilicheka. Alisema kweli. Miti ya kambini ilibaki kwa sababu ilikuwa na mwenyewe anayeihesabu kila asubuhi. Ya kwetu shuleni tuliipenda kwa nyimbo, kisha tukaikata kuni za kupikia uji.

Natoa mfano mwingine kabla sijafika ninakokwenda, maana kule sina haraka ya kufika. Mtoto wa milima ya Kyarumba, ambako ndiko nilikozaliwa, alichora mbuzi wakining'inia pembeni mwa karatasi, miguu juu. Nikamwambia, "Mbuzi wako wataanguka." Akanijibu, "Huwa wanaanguka, Madamu." Na mtoto wa wafanyabiashara waliokimbia kutoka upande wa Beni, Kongo, nilipompa kalamu ya buluu apake maji ya mto, aliigeuzageuza mkononi kama mtu aliyepewa kijiko cha kulia ugali. Akasema, "Madame, mayi haiko buluu. Buluu iko mu kitabu tu." Nililipeleka neno hilo chumba cha walimu wakati wa chai, tukacheka sana. Nimelikuta katika daftari langu, na mbele yake nimeandika: *kichekesho*.

Sasa nifike kwa Biira.

Biira alikuwa darasa la tano. Aliishi na bibi yake, mama wa baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mukaka, kama watoto wa Kikonzo wanavyowaita bibi zao. Shamba la Mukaka lilishuka mpaka mtoni: migomba juu, kahawa katikati, na chini kabisa, kwenye kivuli cha migomba michache ya zamani, kaburi la mumewe. Kando ya kaburi lile palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Mukaka aliifyeka mwenyewe.

Mwisho wa shamba, kuelekea mtoni, ilisimama miti minne ya mpaka. Ninyi wa mjini huenda mnaiona kama maua ya uani, ile miembamba yenye majani marefu kama panga. Kwetu mti ule hupandwa mbele ya mashahidi. Mbuzi hauli, kiangazi hakiuui, na atakayeung'oa ataitwa na wazee. Mtu anaweza kuhamisha nyumba yake, mti wa mpaka hahamishi. Mimi ni binti wa Mkonzo, nilijua haya kabla sijajua kusoma. Naomba mlikumbuke hilo mtakaponihukumu.

Mto ule ndio mpaka wetu na Kongo. Malori ya mchanga yalianza kuteremka upande wetu, na ng'ambo nako wakawa wanachimba. Sisi tulisema mto unaharibiwa na wale, wale wakasema ni sisi, na wachimbaji wa pande zote mbili walisalimiana kwa majina. Mchanga ukitolewa chini, maji hutafuta pa kula pembeni. Masereka alikuwa wa kwanza kusema, kwa sababu udongo wake mweupe ulitoweka. Alikwenda kuuchota akakuta mahali penyewe hapapo. Mwaka ule alistaafu, na mwaka uliofuata ukaja mradi wa mazingira na maboksi ya rangi, nami nikaona ni maendeleo.

Kila mtoto alipewa karatasi moja ngumu yenye muhuri wa mradi pembeni. Moja tu. Kichwa cha mashindano kilikuwa "Mazingira Yetu Mazuri". Mshindi angeiletea shule yake tangi la maji. Watoto wetu walikuwa wanateka maji kwenye mto uleule, kwa hiyo tangi lile sikuliona kama mapambo. Nililitaka.

Biira alichora kwa siku mbili bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye dawati lake, mto wake ulikuwa wa kahawia na ulichukua zaidi ya nusu ya karatasi. Ndani ya mto, katikati kabisa, ilisimama miti minne yenye majani kama panga. Kwenye ukingo, karibu sana na maji, palikuwa na kisanduku cheusi chenye msalaba. Juu yake mtu mdogo aliyeshika panga, anatazama chini.

"Biira, miti inaota ndani ya mto?"

"Hapana, Madamu."

"Basi imefuata nini mtoni?"

Darasa likacheka. Biira hakucheka. Alisema, "Imesimama tu."

"Na hili sanduku?"

"Ni babu."

"Mashindano ni ya mazingira, mwanangu. Wafu hawamo. Hapo weka maua."

Sikusema, "Nisimulie." Mikono yangu haikuwa nyuma. Karatasi ya akiba haikuwepo, kwa hiyo niliigeuza yake, upande wa nyuma ukiwa mweupe, nikamshika mkono tukachora pamoja mstari wa mto, mwembamba, unaopinda vizuri. Nikampa kalamu ya buluu. Miti nikamwambia aiweke ukingoni, mahali pake. Maua aliyaweka mwenyewe, mekundu, mengi, na jua kwenye kona.

Picha ile ilishinda. Tangi lililetwa kwa lori, likasimikwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, na watoto wakaacha kwenda mtoni na madumu. Siwadanganyi kwamba tangi halikusaidia. Lilisaidia, na hadi leo linasaidia. Picha yenyewe ilipelekwa katika ofisi moja ya serikali inayoshughulikia mambo ya ardhi na mito. Jina lake silitaji. Wakaibandika ukutani kwa gundi kwenye pembe nne, na chini yake wakaandika jina la mtoto na la shule.

Miezi ikapita. Siku moja Mukaka akaja shuleni na fimbo yake, amemshika Biira mkono. Alizungumza Lhukonzo tu, lugha yetu, na ofisa wa ile ofisi alikuwa mtu wa mashariki ya nchi. Alitaka nimsindikize nikamtafsirie. Nilimwuliza anakwenda kusema nini.

"Kidogo tu," alisema. "Mto umebakiza hatua sita kufika kwa mume wangu. Niliwaambia wenye malori, wakaniambia leteni karatasi ya ofisi. Ninakwenda kuomba hiyo karatasi."

Tulikwenda asubuhi. Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akamwita Mukaka "mama", akamwuliza habari za nyumbani. Mukaka akaeleza kwa utaratibu kama mtu aliyejizoeza njiani: kwamba miti yake ya mpaka sasa iko katikati ya maji, kwamba kahawa ya safu ya mwisho imekwenda, kwamba haombi kurudishiwa kitu. Kisha akasema neno ambalo nililitafsiri lilivyo, kwa sababu sikuweza kulifupisha:

"Mahali pangu pako pale kando yake. Ninaomba tu mto usinitangulie."

Ofisa akafungua faili, akafunua kurasa, akatikisa kichwa.

"Madamu, mwambie mama. Hii kitu tuliangalia. Kwa faili, ukingo ya pale iko na miti, iko salama. Watu ya mchanga wako na ruhusa sababu ya hiyo." Akaona kama Mukaka hajaridhika, akatafuta kitu cha kumtuliza. Macho yake yakaenda ukutani, na uso wake ukafunguka. "Na angalia. Biira. Si ni huyu mtoto? Mama, mjukuu yako mwenyewe amechora kwenu. Mto huo hapo, miti hiyo hapo, kando. Maua. Kama mambo ni mbaya, angechora hivi?"

Nilimtafsiria Mukaka. Alisimama, akasogea ukutani, akaitazama picha kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa hafifu. Akagusa maua kwa kidole.

Ofisa akamgeukia Biira kwa upole. "Ni wewe umechora, eeh?"

Biira hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Nimeandika mambo mengi katika daftari zangu, lakini sekunde zile sikuziandika, na ndizo ninazozikumbuka kuliko zote. Nilijua nyuma ya karatasi ile kuna nini. Nilihitaji kusema maneno matatu: *bwana, geuza picha*. Gundi ilikuwa ya unga, ingebanduka kwa ukucha. Lakini kugeuza picha kungekuwa ni kusema mwalimu ndiye aliyechora, na mradi ungeuliza, na mwalimu mkuu alikuwa amenisifu mbele ya wazazi, na tangi lilikuwa tayari limejaa maji ya mvua. Yote hayo yalinipita kichwani kwa mpangilio mzuri, mimi ni mtu wa mpangilio. Nikatazama dirishani.

Biira akasema, "Ndiyo, ni mimi."

"Unaona," akasema ofisa.

Mukaka hakubishana. Tulipotoka nje aliniambia asante kwa kumsindikiza. Njiani alimwuliza mjukuu wake kwa nini ameweka maua pale kwa babu. Biira akasema ni Madamu. Mukaka akanitazama, akasema, "Umefanya vizuri. Nilikuwa sijapanda chochote pale."

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kama zinavyokuja sasa, zote kwa pamoja. Sitawasimulia usiku ule, sikuwepo. Nilikwenda asubuhi. Kahawa haikuwepo, wala migomba ya zamani. Ukingo ulikatwa wima kama mkate, na mahali pa kaburi palikuwa hewa. Mukaka alikuwa amesimama mbali kidogo, wanawake wamemshika. Alikuwa ananyoosha fimbo kuonyesha mahali hewani, akimweleza mtu: hapa alikuwa amelazwa kichwa, hapa miguu.

Baada ya hapo malori yalisimamishwa. Ofisa alikuja mwenyewe na buti za mpira, akapiga picha kwa simu. Nilimwona anatazama maji kwa uso wa mtu aliyeibiwa. Sikumsogelea.

Mukaka na Biira walihamia Nyakalengija, kwa mjomba wa mtoto, chini ya mlima pale wanapoanzia wapandaji na wapagazi. Miaka miwili mitatu baadaye nilijipa moyo nikaenda ile ofisi, nikiwa nimeamua kuibandua picha na kusema yote. Ofisa alikuwa amehamishwa. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi upya. Nilimwuliza binti wa mapokezi zilikwenda wapi picha za watoto, akasema, "Zile za zamani? Fundi wa rangi alizitoa, zilikuwa zinamsumbua brashi." Kwa hiyo picha ya Biira ambayo ilikuwa ya kweli haiko mahali popote isipokuwa hapa nilipowaelezea.

Kwa kuwa sasa mnajua, niseme ninachoweza kusema kuhusu kazi. Mtoto hachori mazingira. Neno hilo ni la bahasha. Mtoto anachora mahali anapoteka maji, njia anayopita, kitu kilichosogea tangu juzi. Kikubwa kwenye karatasi ni kile kilicho kikubwa kwake, hata kama ni siafu. Ukiona kitu hakipo mahali pake, usikirudishe. Huenda ni mahali penyewe palipoondoka. Ukiona rangi imekwisha, mshukuru mtoto, nunua nyingine. Na picha itakayokufanya useme "hii haitashinda", ichukue uende nayo kwao jioni hiyohiyo, ukasimame pale mtoto aliposimama. Ni mwendo wa dakika ishirini kutoka shuleni kwetu hadi kwa Mukaka. Nilikuwa na jioni nyingi.

Wapo watakaosema mto ungekuja tu, hata picha ingegeuzwa. Wenzangu wa chumba cha walimu waliniambia hivyo kwa kunifariji. Inawezekana. Hatua sita si nyingi. Lakini Mukaka hakuomba mto usimamishwe milele. Aliomba umpe muda wa kufa kwanza.

Alikufa mwaka huu, kabla ya mavuno ya kahawa. Nilipata habari sokoni Bwera, nikapanda gari hadi Kasese, kisha Ibanda, na kutoka pale nikachukua bodaboda. Walimzika Nyakalengija kwenye shamba la mjomba, juu, mahali pakavu, mbali kabisa na mto wowote. Walimchagulia pazuri. Wageni wote walisema pazuri.

Biira ni mwanamke sasa. Anawapikia wapagazi wanaopanda mlimani, na jikoni kwake wanaume wenye mabega mapana wanasubiri zamu kwa adabu. Baada ya mazishi alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba, akaniletea chai, akaketi. Alinishukuru kwa kufika. Nikaona kama sitasema siku ile sitasema tena. Nikamwambia yote: kwamba niliikumbuka miti yake ndani ya maji, kwamba pale ofisini nilijua, kwamba nilinyamaza kwa hofu yangu mwenyewe.

Alisikiliza huku akiondoa majivu kwenye gauni.

"Mimi nilidhani ni jambo mlilolijua watu wakubwa," alisema. "Uliponiambia niuchore mto mwembamba, nilirudi nyumbani nikamwambia Mukaka tusiogope. Nilimwambia Madamu anajua mto utasimama wapi. Akaacha kuwaita wazee wa ukoo. Alikuwa amepanga wamhamishe babu, wampeleke juu kwenye migomba."

Hilo nilikuwa silijui. Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mimi sikujua mto utasimama wapi."

"Sasa najua hukujua," alisema Biira. Alisimama, maana wapagazi walikuwa wanamwita. "Lakini si ungeniuliza, Madamu. Mimi nilikuwa naishi pale."